Tafsiri ya Shauri la Asali

Mimi ni mdomo wa kukodi. Mahakamani Arua
nalipwa kwa siku, si kwa ukweli.
Kiingereza kinaingia sikio la kulia,
Kiswahili kinatokea mdomoni, kimepoa kidogo.

Jumanne waliniletea mjane wa Vurra,
muuza asali, Ayikoru binti Onzima.
Akaulizwa: utasikiliza kwa lugha gani?
Akasema: ile ninayopatania bei na Wakongomani.

Shitaka la kwanza. Nikafasiri:
jina ulilobandika kwenye chupa zako
limesajiliwa Kampala na kampuni,
tangu mwaka juzi, daraja la thelathini.
Huna ruhusa ya kulitumia.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
kivuli chake kinadaiwa kodi.
"Mwambie mheshimiwa, jina nilipewa na shangazi
siku mvua ilipovunja kiangazi.
Maana yake furaha.
Hao wa Kampala, siku hiyo walikuwepo?"

Nikafasiri. Hakimu akaandika.
Wakili wa kampuni akakohoa.

Shitaka la pili: maneno.
Kwamba usiku, kwa simu yake,
aliwaandikia watu mia mbili na kumi
kuwa kampuni ni nyuki dume:
hajui ua, hajengi sega, yeye ni kula tu.
Wakili akasema dhihaka hiyo imesambaa,
akatumia neno la Kizungu lenye virusi ndani yake.
Nikasema, "imeambukiza."
Benchi la nyuma mtu akafunika pua.

"Sokoni nimewasema hivyo hivyo,
mchana, kwa sauti, na mizani mkononi.
Polisi walinunua asali wakaenda zao.
Kumbe kosa ni kuandika?"

Kisha vielelezo.
Picha yake, ile aliyojipiga
akiomba mkopo kwenye simu,
laki moja na nusu, za mizinga.
Namba ya kitambulisho.
Na majina ya wote aliowahifadhi:
fundi baiskeli, mkunga, katekista,
na mumewe, aliyezikwa miaka minne,
ambaye hakuwa na moyo wa kumfuta.

Akauliza polepole:
"Huyu wamemtoa wapi?"

Hapo Kiswahili kilinikwama.
Wakili wake, kijana mwenye koti la kuazima,
alirudia neno moja, nami tafsiri yake naijua: faragha.
Lakini neno hilo linanukia pazia,
chumba cha ndani, watu wazima wakinong'ona.
Halinuki namba. Halinuki orodha.

Nikavunja kiapo, kidogo tu, nikaongeza langu:
Mama, ni kama mlango wa mzinga.
Umefanywa mdogo kwa makusudi.
Anayetaka cha ndani sharti aje na moshi,
nyuki wajue amekuja.

Akafikiri.
"Basi hawa hawakuja na moshi.
Walitoboa kwa nyuma."

Hilo nililipeleka kwa Kiingereza zima zima,
bila kulipunguza, na kalamu ya hakimu
ikasimama hewani.

Shauri likaahirishwa hadi tarehe kumi na nne.

Saa kumi nilimkuta nje ya geti la soko.
Chupa zake amezikwangua karatasi;
gundi bado inanata, imeshika vumbi jekundu
pale pale palipokuwa jina.
Mteja akiuliza, hii ya nani,
yeye humjibu: onja.

Nikachovya kidole, kile kile
ninachobonyeza kila asubuhi kwenye mashine ya mahudhurio
ili ikubali kwamba mimi ni mimi.
Mistari ya ngozi yangu ilikaa juu ya asali
kiasi cha pumzi moja.
Kisha asali ikajifunga, ikalainika,
haikuweka nakala.